Nataka kununua bajaji: gesi au umeme? Mkakati wa serikali unaelekea wapi?

Dogo wa Segerea

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni dereva bajaji, kijiwe chetu kipo Segerea. Chombo si changu, jioni napeleka hesabu kwa tajiri, kinachobaki ndicho cha watoto. Mwezi wa kumi na mbili mchezo wa kijiweni, ule wa kupeana hela kwa zamu, unanifikia. Nikijumlisha na akiba ya mama watoto, nanunua cha kwangu. Wale wa mikopo ya kausha damu siwagusi kabisa.

Sasa ninunue cha aina gani? Hapa kijiweni kila mtu ana serikali yake kichwani. Kuna wanaosema gesi ndiyo mpango, maana ni yetu, inatoka Songo Songo na Mtwara, na vituo vinaongezeka. Kuna wanaosema umeme, kwa kuwa Bwawa la Nyerere limeshakamilika na treni ya SGR yenyewe inakwenda Dodoma kwa umeme, basi zamu ya bajaji inakuja. Halafu wapo wazee wa petroli, wao wanasema hayo yote ni maneno ya semina, sheli zipo kila kona, nunua petroli ulale usingizi.

Mahesabu yangu ni haya. Kwa foleni za Tabata, lita moja ya petroli inanipeleka kilomita ishirini na tano, nikibahatika ishirini na nane. Wenzangu wa gesi wanasema kilo moja inawapeleka thelathini na tano mpaka arobaini, na kilo wanalipa 1,550. Bei ya petroli mnaijua wenyewe, EWURA wakitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi kijiwe kizima kinanyamaza. Kwa hela ya kuendeshea, gesi imeshashinda. Ila wenzangu hao hao asubuhi nawaacha kwenye foleni ya kituo cha gesi, mimi nimeshapeleka wanafunzi, nimeshapeleka na mama wa kliniki. Wa umeme simjui hata mmoja wa kumuuliza.

Sitaki siasa kwenye uzi huu. Nataka kujua mambo mawili tu. Serikali ina mkakati gani hasa wa kupunguza huu moshi wa vyombo vya usafiri, na nani anauongoza? Na mimi nikiingiza hela yangu kwenye gesi leo, miaka minne ijayo sitaambiwa kwamba gesi nayo ni uchafu, tuhamie kwingine?

Nawasilisha.

---

Bandarini

Dogo, mimi natoa magari bandarini, nakupa la upande wangu. Mkakati wa serikali ukitaka kuujua usisikilize hotuba, soma karatasi ya ushuru.

Gari likizidi miaka minane linaongezewa ushuru kwa uchakavu, likizidi kumi linaongezewa zaidi. Lengo kwenye maandishi ni kupunguza mikweche yenye moshi. Matokeo ninayoyaona mimi kila meli ikishusha: mteja ananung'unika, analipa, na mkweche unaingia mjini. Kwa sababu hata ukiweka huo ushuru, gari la miaka kumi na mitano bado ni rahisi kuliko la miaka sita. Kenya wao hawakuhangaika na kuongeza, likizidi miaka minane haliingii, basi. Huo nao ni mkakati, uupende usiupende.

Kuhusu umeme, wateja wameanza kuulizia vile vigari vya Nissan Leaf vilivyotumika Japani. Gari la petroli lililochoka nalijua kwa kulisikiliza tu likiwashwa. Betri iliyochoka haikohoi. Unalipia gari zima, unapata la kukufikisha Mbezi na kurudi, ukipita Kibaha unaanza kusali.

Mimi timu petroli. Bajaji ya petroli hata Ifakara utapata fundi.

---

Dagaa wa Mwanza

Nawasalimu kutoka Kigali. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa na sangara, mzigo unatoka Mwanza unapita Rusumo, na nikiwa huku usafiri wangu wa kila siku ni pikipiki. Huku wanaziita moto. Nitakueleza ninachokiona, Dogo, maana Wanyarwanda ndio waliochukua hatua unayoiogopa.

Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali haisajiliwi kama si ya umeme. Lishike hilo neno, mpya. Mwenye pikipiki yake ya petroli hakunyang'anywa, anaendelea nayo mpaka ichoke. Na hawakuanzia hapo. 2021 waliondoa kwanza kodi kwenye vyombo vya umeme na betri zake, wakaweka pia bei nafuu ya umeme wa kuchajia. Kampuni zikaja, vituo vikajengwa, madereva wakajaribu, ndipo likaja katazo. Miaka zaidi ya mitatu katikati.

Dereva hasubiri chaji. Anafika kituoni, betri iliyoisha inatolewa, iliyojaa inaingizwa, anaondoka. Mara nyingi betri si mali yake, analipia matumizi tu, na hilo ndilo linaloshusha bei ya kununua pikipiki. Ubaya upo: ninayempanda mara kwa mara ananiambia jioni, saa za abiria wengi, betri zilizojaa huwa zinagombaniwa, na akikosa anapoteza vichwa. Mwingine hataki kumpeleka mtu nje ya mji hata umpe hela gani, kwa sababu huko hakuna pa kubadilishia.

Kwa abiria raha ni kubwa, sitadanganya. Kutoka Nyabugogo kupanda Kacyiru naongea na simu na wanaonidai Mwanza wananisikia vizuri. Hasara yake ndiyo hiyo hiyo.

---

Mhasibu Mstaafu

Mwanangu Dogo, swali lako la nani anauongoza ndilo lililonifanya niandike. Nimestaafu utumishi wa umma, na miaka yangu mingi niliishi kwenye vitabu vya mapato. Nitakujibu kwa upande wa hela.

Ukitaka karatasi, zipo. Tanzania imeahidi kimataifa kupunguza gesijoto, yaani hewa zinazopasha dunia joto, kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali itakavyokuwa tusipofanya lolote. Sasa ichukue hiyo bajaji yako uitembeze maofisini. Leseni ya kubeba abiria, LATRA. Sera, Wizara ya Uchukuzi. Bei ya petroli, EWURA. Ubora wa mafuta, TBS. Ushuru wa kuiingiza unakusanywa na TRA, lakini kiwango kinapangwa Wizara ya Fedha na kupita bungeni kila Juni. Gesi, TPDC. Umeme, TANESCO. Mazingira yako Ofisi ya Makamu wa Rais, na NEMC. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ambao ndio hasa wa kupunguza magari barabarani, uko DART, na DART iko chini ya TAMISEMI. Kijiwe chenu chenyewe kiko mikononi mwa manispaa. Kila ofisi hapo ina mpango wake, na kila mpango ukiusoma peke yake ni mzuri. Nani anauongoza? Kwa uzoefu wangu, anauongoza yule ambaye mapato yake yataguswa, kwa kuuburuza miguu.

Lakini nisikukatishe tamaa, maana upo mkakati uliofanikiwa na hakuna aliyeushangilia. Nyie vijana hamkuijua petroli yenye madini ya risasi. Afrika Mashariki iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Halafu Januari 2015 nchi za Jumuiya zikashusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati kabla yake ilikuwa mara kumi ya hapo na zaidi. Moshi mweusi wa miaka ile na wa leo si moshi mmoja, hata kama injini ni zile zile chakavu za Bandarini. Iliwezekanaje bila kelele? Kwa sababu mafuta yetu yanaingia kwa uagizaji wa pamoja. Ukibadilisha kiwango kwenye zabuni ya meli, umebadilisha kwa daladala ya Mbagala na kwa lori la Tunduma kwa pamoja. Hakuna dereva aliyeitwa kwenye warsha akapewa soda na kalamu.

Gesi na umeme havina mlango mmoja kama ule. Kuna vituo, kuna karakana, kuna nyaya, kuna betri, kuna mkopo. Na kuna jambo moja ambalo kwenye warsha huwa halizungumzwi, nalo ni hela ya barabara.

Zamani kila mwenye gari alilipa leseni ya mwaka, ile stika ya kwenye kioo. Ikafutwa 2017, na serikali ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita. 2021 ikaongezwa 100 nyingine kwenye lita kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini zilizo chini ya TARURA. Mfuko wa Barabara nao tangu zamani unakula kwenye lita. Kwa hiyo ukiweka lita tano, kwa ile tozo ya 2021 peke yake umeshatoa shilingi 500 kabla hujapakia mtu. Mhasibu anaipenda lita. Haikwepi, haihitaji kufuatiliwa nyumbani, inalipwa kidogo kidogo na anayelipa haioni.

Sasa bajaji yako ikihamia umeme, barabara ni ile ile, mashimo ya Kinyerezi ni yale yale, mchango wako sifuri. Mkiwa mia hakuna anayeshtuka. Mkiwa laki moja, Hazina wanashtuka. Ndiyo maana Juni 2024 lilipokuja kwenye bajeti pendekezo la ushuru wa shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, watu walihamaki, mimi sikushangaa hata kidogo. Niliona mtu anayezitafuta lita zilizohama. Lakini fikiria aliyekuwa amesimama siku hiyo mlangoni mwa karakana ya kufunga mfumo wa gesi, hela yake mfukoni. Lile pendekezo tu, hata kabla ya kujadiliwa, lilitosha kumrudisha nyumbani. Ofisi moja inamwambia hamia gesi, ofisi nyingine inamwonyesha bili.

Ningepewa mimi kuuongoza mkakati huo, barua yangu ya kwanza ningeiandika Hazina, wala si kwa madereva. Ningewaambia: semeni leo barabara italipiwaje lita zikipungua, na mseme kwa miaka kumi mbele. Miaka mitano ya mwanzo gesi na umeme visiguswe. Baada ya hapo tozo ianze ndogo, ipande kwa ngazi inayojulikana, na iwe nzito zaidi kwa magari mazito, kwa kuwa barabara inaliwa na ekseli za malori, haiuliwi na bajaji ya watu watatu. Mtu akijua atalipa nini mwaka wa sita, ananunua mwaka wa kwanza. Anachokikimbia ni kushtukizwa.

Ethiopia wanasemwa sana kwa kuzuia kuingiza magari yasiyo ya umeme, Januari 2024. Watu humu wanadhani walikuwa wanaokoa mbingu. Walikuwa wanaokoa dola za kununulia mafuta, huku umeme wa maji wanao nyumbani. Kwa hesabu yao imeeleweka, na sisi tuliokumbuka foleni za sheli za 2023 dola zilipoadimika tunawaelewa. Tofauti ni kwamba sisi tuna gesi yetu chini ya bahari, na mwenye gesi hawezi kuwa na haraka ya umeme kama asiyenayo. Hilo ndilo litakalofanya Tanzania iende njia mbili kwa muda mrefu.

Barua ya pili ingekwenda kwenye mabasi, na hapa najua nitawaudhi wapenzi wa teknolojia. Mwendokasi awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, kilomita 21 hivi, ulianza Mei 2016 kwa mabasi 140. Mpango wenyewe ulitaka 305. Mwaka 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na ilistahili, kwa maana njia ilijengwa kweli na watembea kwa miguu walikumbukwa. Lakini mtu mwenye uwezo akisimama kituoni mabasi matatu yanampita yamejaa hadi mlango haufungi, kesho yake anawasha gari lake na kukaa ndani peke yake hadi Posta. Huyo ndiye mwenye moshi mkubwa kwa kichwa kimoja. Basi la dizeli lililobeba watu mia limemshinda huyo hata kabla hujalibadilisha kuwa la gesi au la umeme. Na mvua ikinyesha, Msimbazi unafurika Jangwani, njia inafungwa. Daraja la Jangwani kwa macho yangu ni mradi wa mazingira kuliko semina kumi za magari ya umeme, ingawa kwenye vitabu limeandikwa kwenye fungu la ujenzi.

---

Konda wa Rongai

Hamjambo wakubwa. Mimi niko Nairobi, laini ya Rongai. Nilikuwa konda, siku hizi niko ofisi ya sacco, chama cha wenye matatu, nahesabu mafuta ya watu.

Huyo mama mhasibu hapo juu amesema ukweli. Kwetu kilichosukuma mambo ni vitu viwili vya karatasi. Kwanza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10, hiyo ni 2019. Halafu 2023 EPRA, wale wadhibiti wa nishati wa kwetu, wakaweka bei maalum ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 zile saa ambazo watu wamelala. Hiyo 8 ndiyo iliwaamsha wenye mabasi. Basi linachajiwa usiku, alfajiri liko stegi. Na stima yetu karibu yote ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana, kwa hivyo ukisema basi halina moshi, hata kule umeme unakotoka moshi ni kidogo.

Bei ya kununua ndiyo ilitutisha. Hilo wamelizunguka hivi: mwenye basi analipa sehemu, betri na chaji analipia kwa kila kilomita anayotembea. Mwanzoni wazee wa sacco walikataa kabisa, walisema kulipa kwa kilomita ni kufungwa ndoa. Wakapiga hesabu ya dizeli ya mwezi, wakanyamaza.

Sasa msituige yote. Hiyo mwendokasi yenu mnaitukana, sisi hatuna hata ya kutukana. 2018 walipaka mistari myekundu Thika Road, ati hii ni njia ya mabasi peke yake. Matatu zikapita juu yake, magari ya wakubwa yakapita juu yake, rangi ikaisha. Mamlaka ya kusimamia mambo hayo iliundwa 2017, na BRT yenyewe, ndiyo mwendokasi ya kwetu, bado tunaingoja. Mabasi ya umeme tunayo, yanakwama kwa jam ile ile na mengine.

---

Bandarini

Mama Mhasibu, nimekubali kila kitu isipokuwa kutaja injini zangu. Ila swali: huyo wa kwenye gari peke yake hadi Posta, ukimpa mwendokasi wenye nafasi, ataacha gari kweli? Mimi nawajua wateja wangu. Gari si usafiri kwao, ni cheo.

---

Dogo wa Segerea

Shikamoo mama. Nilikuwa naandaa kukuita mkuu, Konda kaniwahi.

Nimesoma mara mbili. Nashukuru sana, na wa Kigali na wa Nairobi pia. Lakini mama, naomba nikuulize bila kukosa adabu. Unasema mabasi kwanza. Mabasi yakiwa mengi na yana nafasi, sisi wa bajaji tunakula wapi? Abiria wangu wa Kariakoo ndiye anayenilipa vizuri, na huyo ndiye mwendokasi utakayemchukua. Katikati ya mji penyewe mara tunaruhusiwa mara tunafukuzwa.

Na hujanijibu lile la miaka minne. Gesi itaitwa uchafu au haitaitwa? Mwezi wa kumi na mbili si mbali.

---

Mhasibu Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Bandarini, wa cheo mwache na cheo chake, alipie maegesho ya Posta kwa bei inayofanana nacho. Wapo wengi wenye magari ya mkopo wanaoumia na mafuta, hao ndio nawataka kwenye basi.

Dogo, wa Kariakoo utampoteza, sitakudanganya. Ila angalia ramani. Mwendokasi unapita barabara kubwa tu. Nyuma ya kila kituo kuna watu wanaokaa kilomita mbili, tatu ndani, wenye mizigo, wenye watoto mgongoni, na usiku hawatembei. Kilomita mbili mara kumi kwa siku kwenye mtaa unaoujua inaweza kukulipa kuliko safari moja ya Kariakoo unayorudi mtupu kwenye foleni ya Buguruni. Tatizo ni kwamba vituo vilijengwa bila mahali pa nyie kusimama, mkisimama mnakamatwa. Hapo ndipo manispaa na DART walitakiwa kukaa meza moja, na nyie kupitia chama chenu mna haki ya kulidai hilo kuliko kulia na bei ya mafuta.

Sasa la gesi. Kwa moshi unaotoka kwenye bomba, gesi ni nafuu kuliko petroli: hewa ukaa inapungua kwa asilimia 20 hadi 25, na yale masizi karibu hayapo. Lakini gesi yenyewe ikivuja bila kuungua, inapasha dunia joto mara themanini na zaidi kuliko hewa ukaa kwa kipimo cha miaka ishirini. Kwa hiyo ndiyo, ipo siku mtu atakuja na kusema gesi nayo ni uchafu, na atakuwa na hoja. Hata umeme wasikudanganye ulikuwa safi siku zote. Kabla ya Bwawa la Nyerere, zaidi ya nusu ya umeme wetu ulitoka kwenye gesi hiyo hiyo, ungeendesha bajaji ya umeme huku Songo Songo inaungua Ubungo. Leo mitambo tisa ya Rufiji ina megawati 2,115 na picha imebadilika.

Lakini siku hiyo ya gesi kuitwa uchafu haimo ndani ya miaka yako minne. Nchi inayojenga vituo vya gesi sasa, kwa gesi yake, kupitia shirika lake, haivifungi kabla havijarudisha hela. Unachopaswa kuogopa ni tozo, na hiyo ipigie hesabu mapema. Chukua 1,550, ongeza 400, ujiulize kama bado unaishinda petroli. Kwa kilomita ulizotaja, kilomita mia zinataka kilo mbili na nusu hadi tatu. Hata kwa 1,950 huvuki elfu sita. Petroli kwa kilomita hizo hizo ni lita nne. Bado umeshinda, ndiyo maana nakwambia nunua ya gesi.

Ungeishi karibu na kituo cha kubadilishia betri ningekwambia umeme. Uniti moja ya nyumbani ukiwa nje ya wale watumiaji wadogo wenye bei nafuu ni shilingi 350 na kitu, na bajaji ya umeme haili uniti zaidi ya nane kwa kilomita mia, kwa hiyo kwa kuendeshea imewashinda wote. Ila kuchaji nyumbani kwa mpangaji ni ugomvi na mwenye nyumba, na betri ikifa ukiwa umelipa kila kitu, nani anainunua tena? Ukishawishiwa na mtu wa bajaji za umeme, muulize hivyo tu: betri ni ya nani, na maandishi ya dhamana yako wapi. Akianza kukuonyesha video, ondoka.

Na hiyo ya gesi, chukua iliyotoka kiwandani ikiwa ya gesi. Ukiamua kufungiwa kwenye ya petroli, nenda karakana yenye kibali na uende mchana. Ule mtungi unabeba mgandamizo wa baa mia mbili, unakaa karibu na abiria wako. Kuna maandishi yamegongwa kwenye chuma chake: mwaka uliotengenezwa, na tarehe ya kupimwa. Yasome mwenyewe kwa tochi ya simu, yapige picha, ndipo utoe hela.

---

Dogo wa Segerea

Tarehe ya kupimwa sikuwahi kuisikia. Kesho nikifika kijiweni naanza na mitungi ya wenzangu, kuna mmoja kafungiwa uani kwa mtu na sasa nimeanza kukaa mbali naye. Asante mama. Nikinunua nitaweka picha humu, na Bandarini atatafuta kasoro.